Saksafoni ya Saa Kumi

Watu wa Malindi walimwita mpiga tarumbeta, na jina hilo lilimuudhi kuliko tusi. Akiitwa hivyo sokoni alikuwa akisimama, anaweka kikapu chini na kueleza kwamba tarumbeta ni kitu kimoja na saksafoni ni kitu kingine; kwamba saksafoni ina kijiti chembamba cha tete kinachokaa mdomoni na kutetemeka, na tarumbeta haina; na kwamba mtu wa mjini asiyejua tofauti hiyo afadhali anyamaze. Muuza samaki alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Sasa, mpiga tarumbeta, leo changu au tafi?"

Mimi nilimwita mwalimu. Wafanyakazi wote wa hoteli walimwita hivyo, kwa kuwa wale wanamuziki wanne waliokuwa naye, wa gitaa, wa besi, wa kinanda na wa ngoma, yeye ndiye aliyewafundisha. Nilikuwa opereta wa simu. Miaka hiyo ya themanini hoteli za ufuoni zilijaa Wajerumani na Wataliani, na simu zote za hoteli yetu, za kuingia na za kutoka, zilipita mikononi mwangu, katika chumba kidogo nyuma ya mapokezi. Chumba kilikuwa na kidirisha kilichoelekea ukumbi wa chai. Saa kumi alasiri bendi ilianza. Kifaa cha kusikilizia nilikivaa sikio la kushoto. La kulia nililiachia ukumbi. Kwa miaka sita nilimsikiliza hivyo, nusu yake, huku nikiwaunganisha watu na Frankfurt na Nairobi.

Alichokipiga ni jazi laini, ile isiyopanda juu wala kugombana na mtu, inayopita katikati ya meza kama mhudumu mwenye adabu. Hakuwa anapiga hivyo kwa kukosa nguvu. Niliwahi kumsikia asubuhi moja, peke yake ukumbini, akipuliza mpaka vikombe vikalia kabatini. Lakini wageni walipokaa alijishusha, na kujishusha huko alikuona ndiyo kazi yenyewe. Aliwaambia vijana wake kwamba mgeni akiweka kikombe chini ili asikilize, basi amekatizwa mazungumzo, na kosa ni la bendi. Siku moja mpiga gitaa alipata nafasi yake, vidole vikamkubali, akapiga kipande kirefu hadi wageni wakageuka na kumpigia makofi. Mwalimu alisubiri wimbo uishe, akamwinamia na kumwambia kwa sauti ya chini, "Umewaamsha." Kijana yule hakupigiwa makofi tena.

Hata hivyo, mtu huyo huyo aliyefundisha watu wasisikilizwe, kila siku bendi ilipomaliza alipita kwenye mlango wangu akiwa na sanduku lake mkononi, anauliza kama leo nilisikia. Nilipojibu kwamba nilisikia, aliuliza ilikuwaje. Mwanzoni nilisema nzuri tu. Akachukia. Akasema nzuri husemewa pilau. Basi nikajifunza kusikiliza kwa bidii ili niwe na la kumjibu: kwamba wimbo wa tatu ulichelewa kuanza, kwamba pale mwishoni alinyamaza kidogo kabla ya kurudi na ule ukimya ulikuwa mzuri kuliko sauti. Hapo uso ulimfunguka. Alitikisa kichwa na kusema, "Umeipata hiyo." Nadhani ukumbi mzima ulikuwa wa wageni, na msikilizaji nilikuwa mmoja, na sikuwa hata ndani ya ukumbi.

Alikuwa na majivuno ya mavazi. Meneja aliwashonea wanabendi mashati ya maua, na wanne waliyavaa. Mwalimu alilikunja la kwake, akalirudisha ofisini, akaendelea na shati jeupe lililofungwa mpaka shingoni na tai nyeusi, katika joto la Januari. Alisema yeye si pazia. Viatu alivipiga rangi mwenyewe, na hakumwachia mtu. Saksafoni vilevile hakumwachia mtu, isipokuwa fundi saa mmoja wa Kihindi mwenye duka dogo mjini, ambaye ndiye aliyeweza kurekebisha springi zake na kubadilisha vile vipande vya ngozi vinavyoziba matundu, maana hewa ya chumvi ilivila. Kila mwaka waligombana juu ya kazi ile, kila mwaka mwalimu aliapa hatarudi, na kila mwaka alirudi.

Alikuwa mwongo pia, nisimpambe. Alisimulia kwamba ujana wake aliupitisha katika meli kubwa za abiria, akipiga kila jioni kwa mabwana na mabibi. Meli hizo safari moja zilifika Bombay, safari nyingine Marseille, kutegemea anayesikiliza anatoka wapi. Mpiga besi, aliyemjua zamani, aliniambia kwamba mtu yule hajawahi kuvuka Mombasa, na muziki alijifunza katika bendi ya askari. Sikumwuliza mwenyewe. Niliuona uongo ule kama shati lake jeupe, kitu alichokivaa ili asifanane na wengine.

Mjini walimtenga kidogo kidogo, bila kumwambia. Alikuwa mtu wa swala tano. Alasiri aliswali kwanza nyuma ya jiko la hoteli, kwenye mkeka wake, ndipo akafungua sanduku. Lakini kaka yake mkubwa, mtu wa msikitini, hakula chakula nyumbani kwake tangu alipojua kinatoka wapi. Ramadhani moja mwalimu alipata shaka, kwa kuwa kile kijiti cha tete lazima kiloweshwe mdomoni kabla ya kupulizwa, akaenda kumuuliza sheikh kama jambo hilo linabatilisha saumu. Sheikh alimjibu kwamba kati ya yote anayoyafanya hotelini, kijiti ndicho kinachompa yeye sheikh wasiwasi kidogo kuliko yote. Alinisimulia haya huku akicheka, lakini siku hiyo alipiga vibaya, nami nilimwambia alipiga vibaya, na hakukasirika.

Harusi za watu wetu alikataa kuzipigia. Walimwomba mara nyingi, watu wa Malindi na hata jamaa zangu wa Mambrui, akasema yeye hapigii watu wanaorukaruka. Jambo hilo lilimkosesha marafiki aliokuja kuwahitaji.

Kuna siku moja ambayo sijui kama niiweke upande wa wema wake au wa ubaya wake. Mpiga ngoma alikuwa kijana wa Marafa. Alikuwa ameomba ruhusa siku tatu akamwangalie mama yake mgonjwa, na mwalimu akamnyima, kwa kuwa msimu ulikuwa umepamba moto na hakuna mwingine wa kukaa kwenye ngoma. Siku ya pili yake, saa tisa na nusu, ikaingia simu kutoka posta ya mjini. Alikuwa ndugu yake kijana yule, ametoka Marafa alfajiri. Mama alikuwa amefariki. Nilitoka mbio. Wa kwanza kumkuta ukumbini alikuwa mwalimu, akipangusa saksafoni, nikamwambia.

Alimaliza kupangusa. Kisha akasema, "Usimwambie mpaka saa kumi na mbili."

"Mwalimu, ni mama yake."

"Ndiyo. Na akijua saa hizi au akijua saa kumi na mbili, basi la Marafa limeshaondoka. Mwache apige."

Basi lilikuwa limeshaondoka kweli. Nilirudi chumbani kwangu nikakaa na habari ile kwa saa mbili na nusu, huku nikimsikia kijana akizigusa ngoma zake kwa wepesi, akiwa na furaha. Saa kumi na mbili mwalimu alimshika mkono, akampeleka nje nyuma ya jiko, akamwambia yeye mwenyewe. Halafu akamtafutia gari la mzigo lililokuwa likielekea huko, akapanda naye, akazika naye. Kijana hakuambiwa kwamba habari iliingia mapema. Mwalimu hakumwambia, wala mimi sikumwambia. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu anaweza kukaa na neno la mwenzake mdomoni na asife. Ni somo ambalo natamani nisingelipata.

Msimu wa mwisho ulikuwa hivi. Meneja alimwita mwalimu ofisini akamwambia kwamba hoteli inataka kurekodi bendi, iwe kanda ya ukumbusho wa wageni, yenye picha ya hoteli kwenye jalada. Mwalimu alitoka ofisini akitembea kama bwana harusi. Tangu siku hiyo mazoezi yakawa asubuhi na mchana. Alibadilisha mpangilio wa nyimbo mara nne. Alipita mlangoni kwangu mara mbili tatu kwa siku kuniuliza, je, waanze na wimbo mwepesi au waanze na ule wa polepole, je, mgeni aliyeko kwao kwenye baridi angependa kusikia nini. Alisema kwamba mtu akishaondoka duniani, kanda inabaki. Alikuwa na binti mmoja, ameolewa Vitengeni, ambaye hakupata kumsikia baba yake akipiga hata mara moja, kwa sababu wenyeji hawakuruhusiwa kukaa ukumbini. Nakala ya kwanza ilikuwa ya binti huyo.

Na mimi nilikuwa najua. Wiki mbili kabla ya siku ya kurekodi nilimwunganisha meneja na mwenye hoteli, Nairobi. Laini ilikuwa mbaya, na laini ikiwa mbaya opereta hukaa ndani yake ili aishike. Nikamsikia meneja akisema kwamba kanda ikishapatikana, bendi haitahitajika tena. Chai itapigiwa kanda, na wanamuziki wataachishwa msimu ukiisha. Mwenye hoteli akauliza kama wageni hawatalalamika. Meneja akacheka, akasema hata sasa hawawatazami.

Opereta haruhusiwi kusema alichosikia kwenye simu. Tuliambiwa hivyo siku ya kwanza ya kazi, na aliyekosea alifukuzwa jioni hiyo hiyo. Ndivyo nilivyojiambia. Nilikuwa na mama nyumbani Mambrui na wadogo zangu wawili shuleni. Nilijiambia pia kwamba huenda meneja akabadilisha nia, na kwamba hata nikisema, mwalimu atafanya nini. Sababu zote zilikuwa za kweli. Lakini kila nikikumbuka, naona kwamba siku moja ingetosha, mlango mmoja, mimi na yeye bila mtu wa tatu. Angeweza kukataa kurekodi. Angeweza kudai kitu. Angeweza hata kupiga vibaya makusudi, ingawa hilo nadhani asingeliweza.

Walirekodi asubuhi, mapazia yamefungwa, majokofu ya baa yamezimwa ili yasivume. Fundi wa mitambo aliletwa kutoka Mombasa. Walizuia watu kupita, hata simu nilitakiwa nisizipokee kwa saa tatu, kwa hiyo siku hiyo moja nilimsikiliza kwa masikio yote mawili. Hajapata kupiga vile. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na watu wanaokula, hapakuwa na mtu wa kutomkatiza, lakini alipiga kwa upole uleule, kama kwamba ukumbi umejaa. Alipotoka, shati limemganda mgongoni, alisimama mlangoni kwangu. Hakuuliza ilikuwaje. Nami nikaanza kupanga vikaratasi vya simu vilivyokuwa vimeshapangwa.

Mvua za Aprili zilipoanza waliitwa wote watano wakapewa barua za shukrani. Wiki iliyofuata mtambo wa kanda uliwekwa chumbani kwangu, kwa kuwa nyaya za spika za ukumbi zilipita hapo. Kazi ya kuuwasha saa kumi nikapewa mimi.

Nilingoja wageni waulize. Siku ya kwanza hakuna aliyegeuka. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu bibi mmoja wa Kijerumani, aliyekuwa akija kila mwaka na kumjua mwalimu kwa uso, alikuja mapokezi kupiga simu kwao, na alipokuwa akisubiri akaniambia kwamba leo yule mzee wa saksafoni anapiga vizuri sana, nimfikishie salamu zake. Alikuwa ametoka ukumbini wakati huo huo. Alikuwa amekaa hatua tano kutoka kwenye kiti kitupu. Nilimwambia nitazifikisha.

Mwalimu alikuja mara moja tu, kufuata kiweko chake cha karatasi za muziki. Askari wa langoni alimruhusu kwa heshima ya zamani. Bahati mbaya ilikuwa saa kumi na robo. Alisimama kwenye ujia, nje ya chumba changu, akajisikia mwenyewe. Aliusikiliza wimbo mzima, kichwa ameinamisha. Mahali fulani karibu na mwisho alisonya kidogo.

"Pale niliharakisha," akasema.

Halafu akauliza nani anayeiwasha kanda. Nikasema ni mimi. Akatikisa kichwa, akachukua kiweko chake, akaenda zake. Alipita mbele ya kile kidirisha, na wageni ukumbini wakaendelea kunywa chai yao.

Alijaribu hoteli nyingine. Meneja wetu alikuwa mkarimu kwa majirani, akawapa nakala, na hoteli mbili alizokwenda mwalimu kuomba kazi alikuta zinampiga tayari. Akawaendea watu wa harusi. Wakamkumbusha, kwa adabu, alivyowajibu zamani. Na isitoshe vijana walikuwa na vinanda vya umeme sasa. Mpiga gitaa alikwenda Mombasa akapata jina. Mpiga ngoma alirudi kwao Marafa. Mwalimu sikusikia yuko wapi. Mwaka uliofuata niliacha kazi, sikumwambia mtu kwa nini, nikaolewa, nikaanza biashara ya leso, nikizunguka nazo siku za soko katika vituo vya bara.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa sokoni Vitengeni, nimezitandaza leso zangu, nikaona viatu vyeusi vilivyopigwa rangi vimesimama mbele yangu. Nikainua macho. Alikuwa amekonda, shati ni lile jeupe, halina tai. Nikasimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Aliniambia anakaa hapo kwa binti yake. Alipozungumza aliweka mkono mbele ya mdomo, na mkono ulipoteleza nikaona meno ya mbele ya juu hayapo. Hakuna anayepuliza saksafoni bila meno hayo. Aliniomba nimwachie jirani bidhaa zangu kwa muda mfupi, nifike nyumbani ninywe chai. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu niliona kwamba hanikaribishi, ananiomba.

Njiani alinieleza. Mkwewe, baba wa mume wa binti yake, alikuwa amesikia maneno sokoni kwamba mgeni wake alifukuzwa kazi Malindi kwa jambo baya, na mtu akikaa ukweni bila kazi, bila kitu, maneno kama hayo humharibia hata binti yake. Yeye amewaambia kwamba aliacha kazi mwenyewe. Hawakumwamini.

Nyumbani palikuwa na mzee huyo, mkewe, mwanawe na binti ya mwalimu akiwa na mtoto mgongoni. Baada ya salamu mzee alinigeukia akaniuliza, taratibu, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kigiriama, kama ni kweli nilifanya kazi na mgeni wake, na kama najua aliondokaje.

Nikasema. Nilisema kwamba aliacha mwenyewe, kwa sababu umri ulikuwa umemfika na alitaka kukaa karibu na mwanawe. Nilisema meneja alimsihi mara mbili, na mara ya pili mbele ya watu. Nilisema wageni waliokuja mwaka uliofuata waliuliza yuko wapi, na kwamba bibi mmoja wa Kijerumani alipoona kiti chake kitupu alikataa chai. Sikuwa nimepanga kusema hayo. Yalitoka yenyewe, moja likilivuta jingine, na sauti yangu haikutetemeka. Binti yake alinitazama muda wote, amesahau kumbembeleza mtoto. Nilipomaliza, mzee alimsogezea mwalimu kigoda chake mwenyewe, chenye mgongo, akamwambia mkewe amkamate kuku.

Mwalimu alinisindikiza mpaka barabarani. Tukaendelea mpaka tukakaribia soko. Nilikuwa nimejiandaa kwa shukrani, na kusema kweli nilizitaka.

Alisimama. Hakuweka mkono mdomoni.

"Umesema vizuri leo," akaniambia. "Maneno mengi, na wala hukubabaika. Simu zote zilipita kwako, mwanangu. Mimi siku zile ningetosheka na neno moja."

Kisha akaniaga kwa jina langu, ambalo sikujua kama analijua, akageuka, akarudi kule walikokuwa wakimngojea kwa chakula.